GPS ya Bei Nafuu kwa Chombo cha Tanga: Pesa Iende Wapi?

Simu ya kawaida, ikiwa chini ya mbingu wazi, hujua mahali ilipo kwa kosa la mita 5 hivi. Plota ya dola 2,000, ile skrini ya ramani inayofungwa chomboni, nayo hukosea kwa kadiri hiyohiyo. Kwa hiyo mwenye jahazi, mashua au yoti anayekwenda dukani akidhani kwamba bei kubwa itamnunulia usahihi mkubwa ameshapoteza majira kabla ya kung'oa nanga. Kujua ulipo baharini siku hizi ni karibu bure. Kinachogharimu ni mambo mengine matatu: ramani inayosema kweli juu ya kilichomo chini ya maji, umeme wa kukiendesha kifaa usiku kucha, na kifaa chenyewe kuvumilia jua na maji ya chumvi. Mwenye fedha kidogo hana sababu ya kutafuta kifaa kimoja cha rahisi. Kazi yake ni kuigawa fedha hiyo kati ya mambo hayo matatu, na kuanza na lile linalozamisha vyombo.

Tunatazama hapa maji ya kutoka Lamu hadi Mtwara, pamoja na Unguja, Pemba na Mafia. Ushauri mwingi ulioandikwa juu ya vifaa hivi umekusudiwa maji ya Marekani na Ulaya, na sehemu yake ikiletwa huku haishiki nanga.

Mahali hapauzwi tena

GPS ni mali ya Marekani, na ilibuniwa kwa ajili ya jeshi. Mwaka 1983, baada ya ndege ya abiria ya Korean Air Lines kupotea njia na kutunguliwa na jeshi la Umoja wa Kisovieti, Rais Ronald Reagan alitangaza kwamba mfumo huo ukikamilika utakuwa wazi kwa raia. Uwazi ulikuja na sharti: ishara ya raia ilivurugwa makusudi, kosa likaweza kufika mita 100. Mwanzoni mwa Mei 2000 uvurugaji huo ulizimwa, na vipokezi vilevile vilivyokuwa mikononi mwa watu vikawa sahihi mara kumi kati ya jioni na asubuhi. Leo angani kuna pia GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China, na simu nyingi za bei ya kati husikiliza mifumo yote minne. Bahari nayo inasaidia, maana haina ghorofa wala msitu wa kuziba mbingu.

Ndiyo maana baadhi ya sifa zinazotajwa kwenye matangazo hazina faida kwetu. Kipokezi kikisifiwa kwa WAAS au EGNOS, mifumo ya kusahihisha ishara ya GPS, usiongeze hata shilingi: WAAS inahudumia Amerika Kaskazini na EGNOS inahudumia Ulaya. Kikisifiwa kwa kusoma mahali mara 10 kwa sekunde, kumbuka kwamba chombo kinachokwenda maili 5 za baharini kwa saa husogea mita mbili na nusu hivi kwa sekunde. Kusoma mara moja kwa sekunde kunakitosha.

Ipo pia dhana inayowafanya watu wengi waidharau simu waliyonayo mfukoni, kwamba ikitoka nje ya minara ya mtandao haina kazi. GPS haili bando. Simu husikiliza setilaiti tu, haizipelekei chochote. Mtandao huisaidia kupata mahali upesi inapowashwa mara ya kwanza. Bila mtandao itachukua dakika kadhaa zaidi, kisha itaendelea kama kawaida. Kinachohitaji bando ni ramani, na ramani hupakuliwa mkiwa bado bandarini. Baada ya kuipakua, zima data, ifunge programu, ifungue upya, kisha uikuze ramani kwenye kila mlango na kila kituo cha safari. Ikitokea sehemu yenye ukungu au rangi tupu, hiyo haijapakuliwa.

Mtego mmoja wa ununuzi uko hapa. iPad zisizo na sehemu ya laini ya simu hazina kipokezi cha GPS ndani yake. Bandarini zitaonekana zinajua zilipo kwa sababu zinakisia kwa kutumia Wi-Fi ya jirani, lakini zikifika katikati ya mkondo wa Zanzibar hazijui kitu. Vishikwambi kadhaa vya Android vya bei ya chini vina kasoro hiyohiyo. Uliza, kisha hakikisha mwenyewe nje ya duka, mbali na Wi-Fi, kabla ya kulipa.

Ramani ndiyo mzizi

Kipokezi kinakwambia uko nyuzi fulani kusini na nyuzi fulani mashariki. Ni ramani inayokwambia kama hapo ni maji ya pima kumi au ni mwamba. Upimaji wa kisasa wa pwani yetu ulianza na William Fitzwilliam Owen wa jeshi la majini la Uingereza, aliyeizunguka Afrika miaka ya 1820 akipima kina kwa bildi na mahali kwa jua na nyota. Milango ya bandari kubwa imepimwa tena tangu wakati huo, kwa kuwa meli za mizigo zinaihitaji. Miamba ya ndani, mafungu ya mchanga na njia za mashua kati ya visiwa vidogo hazikupata bahati hiyo kwa kiasi kilekile, na huko ndiko vyombo vya tanga vinakopita.

Ramani rasmi za kielektroniki hukiri udhaifu huo zenyewe, ila wengi hawaangalii. Kila eneo hupewa daraja la uaminifu. Daraja la juu kabisa, A1, lina maana kwamba kitu kilichochorwa hakitakuwa mbali na mahali pake halisi kwa zaidi ya mita 5. Daraja B ni mita 50. Daraja C ni mita 500, na D ni mbaya kuliko hapo. Yaani ukiwa kwenye eneo la daraja C, kipokezi chako kinajua ulipo kwa mita 5, lakini mwamba uliochorwa kwenye skrini unaweza kuwa umbali wa karibu viwanja vitano vya mpira kutoka pale unapouona. Kutumia fedha zaidi kwenye kipokezi hakupunguzi kosa hilo hata kwa unywele. Tafuta daraja hilo kwenye taarifa za ramani. Kwenye ramani ya karatasi kuna kisanduku kinachoeleza eneo lipi lilipimwa lini na kwa njia gani.

Kuna kosa jingine la kimyakimya, nalo ni la msingi wa vipimo. GPS hutumia msingi unaoitwa WGS84. Ramani za nchi kavu zilizochorwa Kenya, Uganda na Tanzania kwa miongo mingi zilitumia msingi wa Arc 1960. Ukichukua nukta kutoka ramani ya aina hiyo na kuiingiza kwenye GPS bila kubadilisha mpangilio, utakuwa umehama kwa mita 300 hivi. Kwa mtu anayetafuta kijiji hilo si kitu. Kwa nahodha anayetafuta mlango kati ya miamba miwili ni ajali. Kabla ya kupokea namba kutoka kwa mtu yeyote, muulize zinatoka kwenye ramani gani.

Uliza pia zimeandikwa kwa mtindo gani. Nyuzi 6, dakika 09.50 na nyuzi 6, dakika 09, sekunde 50 hufanana sana mtu anapozisoma kwa sauti kwenye redio. Tofauti yake ni theluthi moja ya dakika, na kwa kuwa dakika moja ya kaskazini-kusini ni maili moja ya baharini, yaani mita 1,852, umekosea kwa zaidi ya mita 600. Chagueni mtindo mmoja kwa vifaa vyote vya chomboni. Mabaharia wengi hupendelea nyuzi na dakika zenye desimali.

Hata ramani sahihi inaweza kudanganya kwa namna inavyotazamwa. Bahari yetu ya Hindi ilitoa somo hilo tarehe 29 Novemba 2014. Yoti ya mashindano Vestas Wind, yenye watu 9, wengi wao mabaharia waliobobea, ilikuwa njiani kutoka Cape Town kwenda Abu Dhabi ilipopanda usiku juu ya miamba ya Cargados Carajos, kaskazini-mashariki ya Mauritius. GPS haikukosea na ramani iliyokuwamo chomboni ilikuwa na mwamba huo. Tatizo ni kwamba njia ilikaguliwa huku ramani imepunguzwa ionekane bahari kubwa kwa pamoja, na kwa ukubwa huo skrini ilionyesha kina cha mita 40 bila kuuchora mwamba. Watu wote walipona. Ramani za vekta, ambazo ndizo zinazotumiwa na programu nyingi leo, huficha vitu vidogo unapozipunguza ili skrini isijae. Kwa maji yetu mfano mzuri ni Fungu Kizimkazi, kisiwa kidogo cha matumbawe kilicho peke yake mbali mashariki ya Dar es Salaam, ambacho chati za Waingereza hukiita Latham. Kimeinuka mita chache tu juu ya maji. Njia yoyote inayopita upande huo lazima ikaguliwe kwa kuikuza ramani kipande kwa kipande, kuanzia mwanzo hadi mwisho, mkiwa bado nchi kavu.

Ramani za bure na za kulipia

Ushauri maarufu kuliko wote kwa mabaharia wasio na fedha ni programu ya OpenCPN. Ni programu ya bure inayofanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, hata kwenye kompyuta ndogo za Raspberry Pi. Ile ya Android hulipiwa kidogo. Ni programu nzuri. Lakini Mmarekani anayeisifu ana jambo ambalo sisi hatuna: taasisi ya serikali yake, NOAA, hutoa ramani zote za maji ya Marekani bila malipo. Ramani rasmi za pwani yetu kwa sehemu kubwa hutolewa na ofisi ya haidrografia ya Uingereza, UKHO, nazo huuzwa. Kwa hiyo hapa kwetu OpenCPN ni chombo kisicho na shehena mpaka ununue ramani zake, na kabla ya kununua lazima uangalie kwamba Kenya na Tanzania zimo ndani ya kifurushi.

Njia iliyo rahisi zaidi ni programu za simu zenye ramani za kampuni binafsi. Mbili kubwa ni Navionics, iliyonunuliwa na Garmin mwaka 2017, na C-MAP. Zote zina ramani za Afrika Mashariki, hulipiwa kwa mwaka, na bei yake ni makumi ya dola badala ya mamia. Kampuni hizi hutegemea vipimo vilevile vya serikali, zikiongeza masahihisho yake na kina kinachotumwa na vyombo vya wateja. Penye wateja wengi nyongeza hiyo ina thamani. Mbali na njia za yoti na boti za uvuvi wa kitalii, usiitegemee. Usidanganywe pia na uzuri wa mistari. Kompyuta inaweza kuchora mistari laini ya kina kila mita moja kutokana na vipimo vichache vya karne iliyopita.

Mabaharia wa yoti wanaozunguka Madagaska na visiwa vya Bahari ya Hindi wamezoea kuongeza safu ya tatu: picha za setilaiti. Hupakua picha za eneo wakiwa na intaneti, huzigeuza kuwa faili ambazo OpenCPN inazisoma, kisha huona alama ya chombo chao ikitembea juu ya picha yenyewe. Matumbawe, mchanga na maji marefu huonekana kwa rangi zake. Kwa pwani iliyojaa miamba na maji maangavu kama yetu, hii ni faida kubwa kwa gharama ya bando tu. Ina mipaka yake. Picha haitoi kina. Kivuli cha wingu huweza kufanana na mwamba, na maji ya matope karibu na delta ya Rufiji hayaonyeshi kitu. Tazama pia tarehe ya picha, kwa maana mafungu ya mchanga huhama.

Safu ya nne ni njia zako mwenyewe. Kila kifaa kinaweza kuhifadhi mstari wa pale ulipopita. Mlango ulioupita salama mchana, maji yakijaa na jua likiwa juu nyuma yako, ukauhifadhi, una thamani kuliko mchoro wa daraja C. Faili hizo ni ndogo, huhifadhiwa kwa mtindo wa GPX unaosomwa na karibu kila programu, na manahodha wanaoaminiana wanaweza kupeana kwa simu.

Vilivyopo sokoni

Tukishajua kwamba ramani ndiyo kiini, uchaguzi wa kifaa unakuwa mwepesi.

Simu na kishikwambi ndivyo vya rahisi zaidi. Udhaifu wake uko kwenye kioo. Tone la maji ya chumvi kwenye skrini ya kugusa ni kidole kisichotii. Ramani itaruka na kujikuza yenyewe wakati unaihitaji. Jua la saa sita hufifisha picha na hupandisha joto mpaka kifaa kijizime. Vishikwambi vigumu vya IP67 au IP68 huvumilia maji, ila havitibu tatizo la skrini iliyolowa. Kiweke kivulini, karibu na shetri, ndani ya mfuko mkavu. Jihadhari na kava zenye sumaku: zikiwekwa jirani na dira zitaivuta, na nahodha atashika majira yasiyo yake bila kujua.

Kompyuta mpakato yenye kipokezi cha USB ni nzuri kwa kupanga safari. Kipokezi hicho hupatikana kwa dola 15 hadi 40. Baharini, ndani ya chombo kilicholala upande mmoja kwa upepo, kompyuta ni mzigo: hula umeme mwingi na haipendi unyevu.

GPS ya mkononi, kama zile za Garmin eTrex, ndicho kifaa kinachodharauliwa bila haki. Ile ya eTrex 10 hukaa saa 25 kwa betri mbili za kawaida za AA, na eTrex SE iliyofuata hufika saa 168. Zinazuia maji, zina vitufe vinavyobonyezeka kwa mkono uliolowa, na betri zake huuzwa kwenye duka la kila bandari. Ramani ya bahari hazina, lakini zinakupa mahali, kasi, mwelekeo na alama za njia. Kama kifaa cha pili chomboni, hakuna kinachoshindana nacho kwa bei.

Plota ya chombo, yenye skrini ya inchi 7 hivi, huanzia kwenye mamia kadhaa ya dola. Unacholipia ni skrini inayosomeka juani, mwili unaovumilia maji, vitufe, na uwezo wa kuunganishwa na kipimakina, kipima upepo na AIS, mfumo unaoonyesha vyombo vinavyotangaza mahali vilipo. Hivyo ni vitu vya kweli. Mitego yake ni miwili. Kwanza, vifaa vingine vya kutafutia samaki vina GPS lakini havina ramani wala nafasi ya kuiweka. Garmin Striker ni mfano. Vitakuonyesha alama zako juu ya skrini tupu. Pili, plota iliyouzwa kwa soko la Marekani huja na ramani za Marekani. Ya kwetu hununuliwa peke yake, na bei yake huweza kuzidi dola 100. Bei ya plota bila bei ya ramani ni nusu ya habari.

Kwa vifaa vilivyotumika, angalia kama kadi za ramani za aina yake bado zinatengenezwa. Kama hazitengenezwi, unanunua skrini. Angalia pia tarehe. GPS huhesabu wiki 1,024 kisha huanza tena sifuri, jambo lililotokea mara ya mwisho Aprili 2019, na vipokezi vya zamani vingine tangu hapo huonyesha mwaka usio sahihi. Mahali hupatia, lakini jedwali lake la maji kujaa na kupwa linaweza kuwa la siku nyingine.

Umeme

Hesabu ya umeme ndiyo inayoangusha mipango mingi. Plota ya inchi 7 hutumia ampea 1 hivi kwa betri ya volti 12, yaani ampea-saa 24 kwa siku nzima. Kishikwambi kinachowaka muda wote hutumia wati 10 hivi, karibu ampea-saa 20 kwa siku. Kompyuta mpakato ya wati 40 itakula ampea-saa 80. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 haifai kutumiwa zaidi ya nusu kama unataka idumu. Paneli ya sola ya wati 100, katika jua letu na kivuli cha tanga, inaweza kurudisha ampea-saa 25 hadi 33 kwa siku njema.

Maana yake ni kwamba kwa chombo kisicho na injini ya kuchaji, paneli moja inalisha plota moja au kishikwambi kimoja, na taa hazijahesabiwa. Acha inveta: kugeuza volti 12 kuwa 240 kisha kurudi kwenye 5 ni kumwaga umeme. Tumia chaja ya USB inayochomekwa moja kwa moja kwenye volti 12, yenye fyuzi yake. Chaja za bei ya kutupa hutoa kelele za redio zinazoziba redio ya VHF. Washa redio karibu nayo usikilize kabla ya kuifunga. Kwa mashua isiyo na betri kabisa, pawabenki mbili na GPS ya AA zinatosha safari ya usiku mmoja.

Tanga si injini

Programu nyingi zinafikiri kwa akili ya boti ya injini: chora mstari, ufuate. Chombo kinachobisha dhidi ya kusi hakifuati mstari. Kitakwenda upande huu na kugeuza upande ule, na kengele ya kutoka njiani italia safari nzima. Kipimo kinachofaa ni kingine: lile pande la bahari ambalo ndani yake ni salama. Chora mipaka miwili, wa kushoto na wa kulia, na ugeuze kabla ya kuifikia. Zile huduma za programu kukuchorea njia zenyewe zichukue kama pendekezo la mtu asiyekijua chombo chako.

Faida kubwa kuliko zote ya GPS kwa tanga ni kuuona mkondo. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki huelekea kaskazini mwaka mzima mbele ya Tanzania na hupata nguvu wakati wa kusi. Chombo kinachokwenda maili 5 kwa saa huku mkondo wa maili 2 ukikisukuma ubavuni kitapotoka kwa nyuzi 22 hivi, na baada ya saa moja kitakuwa karibu kilomita 4 kutoka pale dira inapodai. Linganisha mwelekeo wa omo kwenye dira na mwelekeo wa mwendo kwenye GPS. Tofauti ya namba hizo mbili, ukishaondoa tofauti ya sumaku na kaskazini ya kweli, ndiyo mkondo na kupeperushwa. Kazi hii hufanywa na kifaa cha bei ya chini sawasawa na cha bei ya juu.

Jambo ambalo GPS haisemi ni kina cha sasa hivi. Wakati wa bamvua maji yetu hupanda na kushuka karibu mita 4, na namba za ramani huhesabiwa kutoka karibu na maji ya chini kabisa. Fungu lililo kavu asubuhi hupitika alasiri. Kwa hiyo, fedha ikibaki, ununue kipimakina kabla ya skrini kubwa. AIS nayo inasaidia kwenye njia za meli na boti za kasi kati ya Dar es Salaam na Unguja. Kipokezi tu, kisichotuma, kina bei ndogo. Lakini ngalawa, mitumbwi na mashua nyingi hazina AIS, na skrini tupu haina maana bahari ni tupu.

Setilaiti zikinyamaza

Ishara ya GPS ikifika chini ni dhaifu mno, na mtu mwenye mtambo anaweza kuizima au kuighushi. Bahari Nyekundu na Ghuba ya Uajemi, ambako manahodha wa pwani yetu wamekwenda kwa karne nyingi, ni miongoni mwa maeneo yenye uvurugaji huo sasa. Mei 2025 meli ya makontena MSC Antonia ilikwama karibu na Jeddah, na wachambuzi wa safari za meli wakaihusisha ajali hiyo na ishara za GPS zilizoghushiwa. Kwetu uvurugaji si jambo la kila siku. Kinachotokea zaidi ni betri kuisha, kebo kuoza kwa chumvi, au simu kuanguka majini. Matokeo ni yaleyale. Dira iliyokaguliwa, bildi, ramani ya karatasi ya eneo na daftari la kuandika mahali, majira na kasi kila saa hugharimu chini ya kadi moja ya ramani ya plota. Ukipoteza GPS saa nane usiku, mstari wa mwisho kwenye daftari ndio mwanzo wa hesabu yako.

Mgawo

Mwenye chini ya dola 100 atumie simu aliyonayo. Anunue ramani ya mwaka mmoja, mfuko mkavu na pawabenki, na ahakikishe dira na bildi vipo. Hilo linatosha kwa safari za mchana kwenye njia anayoijua.

Mwenye dola 300 aongeze GPS ya mkononi ya betri za AA na kipimakina rahisi, na kama fedha inabaki, kishikwambi cha Android kilichotumika chenye GPS ndani. Apakue picha za setilaiti za milango anayoitumia. Hapa ndipo kila shilingi inafanya kazi kubwa zaidi, na vyombo vingi vya pwani havihitaji kupita hapa.

Mwenye dola 800 au zaidi, anayesafiri usiku au kuvuka kwenda visiwa vya mbali, sasa anunue plota yenye kipimakina ndani yake pamoja na kadi ya ramani ya Afrika Mashariki, kipokezi cha AIS na paneli ya kuvilisha. Vya mwanzo vyote vibaki chomboni. Lakini awepo mtu mmoja na kifaa kimoja cha kushikia majira, vingine viwe vya kuhakiki, maana manahodha wengi chombo huenda mrama, na skrini tatu zinazotofautiana husababisha ubishi uleule.

Kifaa chochote utakachochagua, kipe mtihani kabla ya kukiamini. Funga chombo kwenye gati au tia nanga kando ya kitu kisichohama, kama mnara wa Chumbe uliosimama tangu 1904, kisha utazame ramani inakuweka wapi. Ikikuweka juu ya nchi kavu au mita 80 pembeni, hilo ndilo kosa la ramani hiyo mahali hapo. Liandike kwenye daftari pamoja na jina la bandari na upande ilikohamia. Rudia kwenye kila kituo, na usichukulie kwamba kosa la Bagamoyo ndilo la Kilwa.